Chungu cha Mama katika Baa ya Kona

Mpini wa pampu ulikoroma kila Oom Dirk alipouvuta, mkoromo mzito wa mtu aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi, kisha bia ikashuka kwenye bilauri polepole, rangi ya kahawia, bila gesi na bila haraka. Ndivyo ninavyoikumbuka baa ile ndogo ya kona kule Bertrams, mtaa wetu wa Johannesburg, katika baridi ya mwaka 2017. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shule zilikuwa zimefungwa, na mama, aliyesafisha baa hiyo asubuhi, hakuwa na pa kuniacha. Oom ni neno la heshima la Kiafrikana, kama tusemavyo mzee, na Oom Dirk alikuwa mzee kweli, mwenye magoti mabovu na ukaidi usio na kasoro. Bia yake aliipika mwenyewe katika chumba cha nyuma, akaiacha iendelee kuchachuka ndani ya mapipa mpaka siku ya kunywewa. Aliiita bia hai. Wateja wake walikuwa wastaafu wachache, waliokuja Jumamosi adhuhuri kuonja pipa jipya kwa sura za watu waliokwenda kumwona mtoto mchanga.

Mama alijua bia hai ni nini. Kule Gitega, kabla ya kuikimbia Burundi, alikuwa mpishi wa impeke, pombe yetu ya mtama, na watu walitembea vilima viwili kuifuata. Kila Jumamosi, akishakamua dekio, alinituma nimwambie Oom ampe pipa moja apike. Mama alikuwa na Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Kiingereza alikielewa zaidi ya alivyokisema, jambo nililolisahau mara nyingi. Oom alijibu kila mara kwamba sakafu inang'aa, ahsante. Wiki iliyofuata mama aliuliza tena, kwa sauti ileile, kama anayeuliza ni saa ngapi. Mwishowe Oom alichoka. Alisema mama alete pombe yake, wazee waijaribu. Ikiisha siku hiyohiyo, ataingia chumba cha nyuma kwa mshahara wa mpishi. Isipoisha, asiulize tena.

Basi chumba chetu kikageuka kiwanda. Mtama ulilala chini ya kitanda changu ndani ya gunia bichi hadi ukaota, ukaanikwa juu ya mabati, ukasagwa, ukapikwa uani huku majirani wakipita na kuuliza kuna msiba gani. Usiku baridi ya Julai ilitaka kuilaza chachu, kwa hiyo mama alichukua blanketi langu akakifunika chungu. Mimi nililala na koti. Sikulalamika, nilisikia pombe ikinong'ona gizani, na nilijua kwamba mama naye yuko macho anaisikiliza.

Jumamosi ile alikiweka chungu katikati ya meza, akachomeka mirija sita mirefu, akavuta viti sita kukizunguka. Kwetu pombe ya namna hii haimiminwi kila mtu na chake. Wanaokunywa huketi karibu hadi magoti yagusane, na aliyeipika huonja kwanza mbele ya wageni, waone kuwa haina ubaya. Wazee waliitazama mirija, kisha wakatazamana. Mmoja akakumbuka kwamba ana mafua. Oom akaleta bilauri.

"Mwambie hapana," mama aliniambia. "Ikimiminwa makapi yanapanda juu, inakuwa uji. Na mimi sikuwapikia watu ili wakae mbalimbali. Asiyetaka kukaa na mwenzake, asinywe."

Nilimtazama Oom, nikawatazama wale wazee na makoti yao safi, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nilitaka mambo yaishe salama. Nikasema kwa Kiingereza, "Mama anasema bilauri ni sawa."

Mama aliweka kiganja juu ya mdomo wa chungu. "Sikusema hivyo," alisema, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akimtazama Oom. "Bilauri, hapana. Kiti, ndiyo." Hakunigeukia, wala hakunikaripia hata baadaye. Aliketi, akanywa wa kwanza, akangoja. Nilitamani sakafu aliyoisugua asubuhi inimeze.

Aliyesogea ni Baba Khumalo, askari mlinzi mstaafu. "Eish, kwetu chungu hupita mkono kwa mkono," alisema. "Mirija ni ya watoto na soda zao. Sogea, Ma, nione kama nami bado mtoto." Akavuta, akafumba macho, akavuta tena, kisha akamwambia mwenye mafua abaki na mafua yake, wengine wana kiu. Viti vikajaa kimoja kimoja. Oom aliketi wa mwisho, akiugulia magoti, akaonja, akavuta mara ya pili.

Hata hivyo wazee walipoinuka kwenda kula, chungu kilikuwa nusu. "Haijaisha, Mama," Oom alisema, bila furaha.

"Hata siku haijaisha," mama alijibu, na safari hii nilifikisha maneno yake kama yalivyo.

Alikaa palepale. Kila aliyeingia alimwonyesha kiti, akaonja upya mbele yake. Jua lilipokuwa linaondoka madirishani, mirija ilivuta hewa na makapi tu. Oom alikiinamisha chungu, akachungulia ndani, akamkabidhi mama ufunguo wa chumba cha nyuma.

Leo kwenye kona ile wanauza simu. Oom alihamia kwa binti yake pwani, na mama anapika mahali pengine, kwa jina lake mwenyewe. Mimi naandika riwaya, na watu huniuliza nilijifunzia wapi kazi ya maneno. Enzi zile niliamini kazi yangu ni kumpunguza mama ili atoshee mbele ya wengine. Mwezi uliopita tulikuwa mbele ya karani wa vibali, akatuambia turudi baada ya miezi mitatu. "Mwambie hii ni mara ya nne," mama alisema. "Mwambie siondoki bila karatasi yangu." Nilimgeukia karani nikayasema yote, bila kuongeza tafadhali ambayo mama hakuitamka.