Shabu ya Shangazi

Mwaka ule nilikuwa sikai. Kazi yangu ni kushona mabuibui, na kazi ya cherehani ni ya kitako, lakini mimi nashona mkono mmoja nainuka, napiga pindo nainuka, naenda mlangoni kana kwamba kuna mtu kaniita. Mwenzangu wa dukani akanitania, "Wewe umekalia upupu?" Nikacheka. Ningemwambia nini? Kwamba nawashwa mahali ambapo mtu hajikuni mbele za watu?

Fangasi ile ilikuwa yaja yaondoka. Nanunua dawa, natumia siku mbili, muwasho ukitulia naiweka, na baada ya wiki tatu yarudi na jamaa zake. Hilo peke yake ningelivumilia. Lakini mimi na mume wangu tulikuwa mwaka wa tatu twatafuta mtoto. Yeye hufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya Malindi, huja Alhamisi alasiri, na Jumamosi alfajiri keshaondoka. Basi siku zangu za kushika mimba zikutane na Alhamisi yake, na Alhamisi hiyo nisiwe nawaka moto. Hazikukutana. Nikawa nasingizia kichwa, naye maskini akawa akinichemshia chai ya tangawizi kwa ajili ya hicho kichwa, na kila akinipa kikombe naona haya mpaka nakasirika. Ijumaa nikimwamkia mama mkwe shikamoo, aniitikia marahaba huku macho yake yako tumboni mwangu.

Aliyejua ni mmoja tu, shangazi yangu, dada yake baba. Ndiye aliyekuwa somo wangu nilipoolewa, akanifunda siku saba chumbani kwake Shela, mtaa wetu hapa Malindi. Yeye hakujaaliwa mtoto. Mumewe alioa mke wa pili, kisha akamwacha, naye akanilea mimi kama wa tumboni mwake. Nilipomwambia nawashwa, hakushangaa. "Ni baridi imekuingia huko chini, mwanangu. Zidisha shabu."

Shabu ni jiwe jeupe kama bonge la chumvi. Somo hukupa ukiingia nyumbani kwako: ulivunje, ulitie maji ya moto, ujioshe nalo mpaka ndani, kisha ujifukize udi juu ya chetezo, ili mume asikuchoke. Mimi nilijiosha asubuhi na jioni. Kadiri nilivyowashwa ndivyo nilivyozidisha. Mume achota chumvi, mke avunja shabu; nyumba yetu ilikuwa ya mawe matupu.

Hospitali ya mjini nilikataa. Malindi ukipiga chafya, Shela waulizana una mafua au una mimba. Nikaenda Kilifi, kwenye zahanati ndogo ya Kibarani, ambako hanijui hata paka. Nesi alikuwa mama wa makamo wa Kigiriama. Akaniuliza najiosha na nini. Nikamweleza kwa madaha, kama mtu aliyefundwa akafundika. Akaweka kalamu chini.

"Jicho lako waliosha kwa shabu?"

"La. Litauma."

"Na huko je, ni ukuta?"

Nilighadhibika. Nilitaka kumwambia pilipili usoila yakuwashiani, ila pilipili nilikuwa nimeila mimi. Akanipima mkojo kwanza, maana hakutaka kunipa dawa ya kumeza kabla ya kujua kama nina mimba. Nilingoja nimesimama, nikisoma bango la chanjo ya watoto juu chini, chini juu. Mimba sikuwa nayo. Akaniambia, sasa kwa upole, kwamba fangasi yenyewe haifungi kizazi, lakini mtu anayewaka moto halali na mumewe. Mwili hujisafisha wenyewe kwa ndani, nami kila siku naosha kinga yake. Nimalize dawa yote, niache shabu na moshi, nijioshe nje tu, kwa maji matupu. Tukikosa tena kwa miezi kadhaa, twende wawili tukapimwe.

"Wawili?"

"Kwani wazaa peke yako?"

Dawa niliimaliza. Mwezi wa kwanza ukapita bila kuwashwa, na wa pili. Kilichobaki ni shangazi. Kila nikimzuru ananifungia kijiwe kwenye karatasi, nami nakipokea na kukirundika kabatini, kwa sababu kutupa kitu cha mkono wake siwezi. Alhamisi moja asubuhi alipoanza kufunga kingine, nikashindwa. Nikamwambia aliyoyasema nesi juu ya shabu, haraka haraka, macho chini, nikangoja anifokee.

Hakunifokea. Alilishika lile jiwe kiganjani akaligeuza. "Kumbe ni shabu."

"Ndivyo alivyosema nesi."

"Hata mimi nilikuwa nikiwashwa. Miaka yote ile. Somo wangu akaniambia zidisha." Akaliweka jiwe chini. "Watu wasema mume wangu alinikimbia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkimbia yeye. Nilikuwa nikilala chumbani kwa mama yake, nasema namuuguza."

Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Ulimi uliniwasha kumwambia kwamba fangasi haifungi kizazi, kisha nikaona maana yake kwake yeye ni nini: kwamba huenda alikuwa mzima tangu mwanzo. Nikalimeza neno langu. Roho iliniuma mpaka nikamchukia somo wake, mtu aliyekufa mimi sijazaliwa.

"Kaa kitako," akasema. Nikakaa. Akanimiminia chai, akanitazama nikinywa, akaanza kuhesabu kitu vidoleni.

"Leo ni siku yako ya ngapi tangu uingie mwezini?"

"Ya kumi na tatu."

"Na leo ni Alhamisi."

"Ndiyo, shangazi."

Akanipokonya kikombe, na chai ilikuwa bado nusu.

"Sasa hapa kwangu wafanya nini? Nenda kwako, mwanangu. Kamngoje mumeo."