Benchi la Kumi

Mwalimu Musau alikuwa Mkamba wa Kangundo, mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Mwaka wa hamsini na saba alikuwa akifundisha darasa la kwanza katika shule ya shamba moja la kahawa huko Mugutha, karibu na Ruiru. Kitu kimoja kilimkera kuliko vyote: mtoto anayejumlisha kwa vidole, na vya mikono vikimwishia anainama kutafuta vya miguu. Loo! Nane na tano ilikuwa kazi ya asubuhi nzima.

Basi akabuni njia. Alikuwa na benchi moja la kukaliwa na watoto kumi, hakuna nafasi ya zaidi. Aliwakalisha wanane, akaita watano. "Jazeni benchi kwanza!" Wawili wakajibana, watatu wakabaki wima. Kumi na tatu, kwisha maneno. Baadaye aliwaambia wafumbe macho walione benchi kichwani tu, na majibu yakawa yanatoka papo hapo. Musau alifurahi sana, ingawa usoni usingejua.

Siku moja Ngendo, mama mchuma kahawa, alipita dirishani na kikapu chake mgongoni. Akamwona mwalimu akimnyooshea kidole binti yake, Warigia: "Saba, nane..."

"Uui! Mwalimu, unahesabu watoto? Hata mbuzi hatuhesabu hivyo!"

Kwao, kumhesabu mtoto ni kumwitia kifo. Na kwa mkosi, jioni ile ile Warigia akashikwa na homa. Ilikuwa homa ya kawaida tu, lakini nani angesikia? Kulipokucha, darasani alikuwamo mwalimu peke yake.

Mkaguzi wa shule alikuwa anakuja Ijumaa. Darasa tupu hufungwa, na mwalimu wake hufungasha virago. Siku ya Jumatano Musau alimeza kiburi akaenda kubisha kwa Ngendo, akamkuta anamenya viazi.

"Mama Warigia, huo ni ushirikina. Sisi ni watu wa kanisa."

"Sawa, mwalimu," alisema Ngendo bila kuinua macho. "Wewe una watoto wangapi?"

Ukambani pia watoto hawahesabiwi, naye Musau alikuwa akiyacheka mambo hayo tangu aliposoma. Mwaka uliotangulia mgeni mmoja alimuuliza swali hilo hilo, akajibu upesi, kisomi: wanne. Kabla ya mavuno alimzika Kimeu, kitinda mimba wake.

"Wapo," alisema.

"Wapo wangapi?"

"Wapo tu, mama."

Ngendo akaweka kisu chini. Hasira yote ilimtoka.

"Pole, mwalimu. Kesho watoto watakuja, nitawaambia wenzangu. Lakini utafute kitu kingine cha kuhesabu."

Ijumaa mkaguzi aliingia, akauliza nane na tano ni ngapi. Warigia, mzima kabisa, hakugusa kidole. "Kumi na tatu, bwana." Saba na sita? Jibu lilikuja kabla hajafunga mdomo. Mkaguzi aliridhika, kisha akakunja uso. Watoto wote walikuwa wamekaa sakafuni juu ya magunia, na kwenye benchi yalikuwa yamepangwa mawe.

"Mwalimu, mbona mawe yamepewa benchi na watoto wako chini?"

"Mawe hayana mama, bwana," alijibu Musau.