Asubuhi Niliyosema Niko Safi

Jumanne ya pili ya Februari nilimpoteza bibi niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake mtaa wa Balsall Heath, huku ughaibuni. Hakuwa ndugu yangu, kwa hiyo kazini sikupewa hata siku moja ya kulia.

Alikuwa Mhindi wa dini ya Kijaini, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake kilishinda cha watoto wangu. Chumbani alikuwa na sanamu ndogo ya shaba, mtu ameketi amekunja miguu, ya kale hata pua imelika kwa vidole vya nyanya zake. Kila asubuhi ilioshwa kwa maji na maziwa, ikafutwa, ikapakwa manukato ya msandali. Kabla ya hapo haweki kitu mdomoni. Na jua likishazama, hali tena.

Mikono yake ilipoanza kutetemeka, alinipa mimi kazi hiyo, na kitambaa cha kujifunga mdomo, nisiipumulie sanamu.

"Nimwombe nini, mama?"

"Usimwombe kitu. Ukimwomba gari utatembea kwa miguu mpaka Shard End, mwisho wa mji. Osha, chai inapoa."

Kanisani sikumwambia mtu.

Sharti lilikuwa moja: mwanamke aliye katika siku zake haigusi. Kila asubuhi aliniuliza, "Uko safi, mwanangu?" Jumamosi ile sikuwa safi. Mwanawe angefika kutoka kazini giza limeshaingia. Ningesema kweli, bibi angeshinda na kulala njaa, naye alikuwa amebaki mifupa.

"Niko safi, mama."

Akala uji, bakuli zima. Jumanne akafariki.

Tangu hapo sikuwa na pa kulitua jambo hili. Mchungaji angeuliza kwa nini niliosha sanamu. Mwanawe angeuliza kwa nini niliichafua. Nikawa napanda basi nalo, nahudumia wengine nalo.

Wiki iliyopita mwanawe aliniita. Sanamu inapelekwa hekaluni.

"Mama alikuamini wewe, dada. Ioshe mara ya mwisho."

Maziwa yalikuwa tayari. Siku hiyo nilikuwa safi, ningeweza kunyamaza. Nikamweleza yote.

"Alikula?"

"Alikula. Bakuli zima."

Akachukua kitambaa mkononi mwangu, akajifunga mdomo, akaiosha mwenyewe. Hakuniambia niondoke, wala nikae. Nikasimama mlangoni, koti mkononi, mpaka akamaliza kuifuta.