Madaftari Tuliyowashia Moto wa Matanga

Baba yangu alitunga nyimbo za kwaya zilizoimbwa kuanzia Makambako hadi Lupembe. Harusi ikikosa wimbo wake, watu walinuna. Lakini mama yangu, aliyempikia maisha yake yote, hakuwahi kutungiwa hata ubeti mmoja. Alikuwa akimtania mbele ya wageni: "Mungu kaimbiwa, maharusi wameimbiwa, mimi nasubiri zamu yangu." Sisi tulicheka. Mama mwenyewe hakucheka sana.

Wiki aliyofariki baba, akiwa amelazwa hospitali ya Ilembula, alinivuta mkono. "Wa mama yako nimeumaliza. Sauti zote nne. Uko kwenye daftari, stoo. Wape wanakwaya wamwimbie." Nikasema sawa, baba. Sikuuliza daftari lipi. Mpumbavu mimi!

Tulimzika Njombe mwezi wa saba, baridi inakata masikio. Waombolezaji walijaa uani, na kuni za miwati zilikuwa mbichi, zinatoa moshi tu. Shangazi akaomba karatasi za kuwashia. Nikaingia stoo. Kaunta buku za baba, zile kubwa za nyimbo, nikaziweka kando kwa heshima zote. Chini yake kulikuwa na rundo la madaftari yetu ya shule ya msingi. Nikafunua la juu: hesabu zangu za darasa la tano, nimekosa karibu zote. Nikacheka peke yangu, msibani, nikambebea shangazi rundo zima. "Chomeni tu, takataka hizi." Siku tatu tuliwashia moto madaftari yale.

Tulipoanua matanga nilimwambia mama kuna wimbo wake, nikapekua kaunta buku zote, ukurasa kwa ukurasa. Wimbo wa mama haukuwemo. Kisha nikaona daftari moja kando ya mafiga, limeungua nusu. Nikaligeuza. Nyuma, kwenye kurasa tulizoziacha tupu, kulikuwa na mwandiko wa baba: noti za d, m, s, mistari minne minne. Jamani! Mzee yule hakutupa karatasi. Kila wimbo aliuanzia nyuma ya madaftari yetu, akisharidhika nao ndipo anaunakili kwenye kaunta buku. Nimekua nikimwona akifanya hivyo. Nilijua! Juu ya ukurasa aliandika jina la mama. Chini yake ulibaki mstari mmoja wa sauti ya kwanza, kwingine kote kumeungua.

Nikauchana ukurasa ule, nikauficha mfukoni, nikaingia ndani.

"Umeupata?" mama akauliza. Macho yake yalikuwa ya msichana.

Nikamwimbia ule mstari. Akasubiri.

"Na uliobaki?"

Nikasema, "Hakuumaliza, mama."

Akajifunga khanga upya.

"Ndiyo zake. Kwangu hakumalizaga kitu."

Siku hizi naishi Makambako. Nikipanda Njombe kumsalimia, redio ikipiga wimbo wa baba, mama huinuka akaizima, nami sijathubutu kumwambia ukweli.