Sikio la Kushoto

Mwanagenzi wa karakana ya reli pale Makambako utamjua kwa kofia yake ya sufu: kulia imeshuka hadi shavuni, kushoto imepandishwa, na sikio la upande huo linang'aa mafuta ya mgando. Kabla treni haijaondoka, binti huyu hupita na nyundo akigonga magurudumu. Gurudumu zima hulia ngiii, lenye ufa hujibu ko. Siku ya kwanza, kwa kuogopa baridi, alifunika masikio yote mawili, akalipita gurudumu bovu la majaribio huku akilisifu. Fundi Vitus, mwalimu wake, alicheka hadi akakaa chini. Tangu hapo sikio halifunikwi, na vidole havitulii: hugonga vyungu sokoni Njombe, vikombe vya mama ntilie, hata sufuria za mwenye nyumba wake kule Lyamkena, shingo kaiinamisha kama kuku aliyesikia mwewe.

Juzi asubuhi, abiria wameshapanda, gurudumu moja likajibu ko. Fundi Vitus akaja, kofia imemfika shingoni, akaligonga. "Hilo ni zima. Baridi imekuingia masikioni, mwanangu. Waache watu waende." Dereva akapiga honi. Binti hakubishana. Alipiga goti kidogo, kwa adabu zote, akasema, "Samahani, baba. Kofia." Fundi akaipandisha taratibu, akagonga tena. Ko. Behewa lenye gurudumu hilo likakatwa kutoka kwenye treni, abiria wakahamia jingine wakinung'unika. Kesho yake fundi alikuja kazini sikio la kushoto liko nje, limepauka. Akamvuta binti pembeni, akanong'ona, "Hebu nigawie hayo mafuta."