Askari Asiye na Bunduki

Nilimchapisha yule askari kwa sababu nilikuwa na rola mpya ya uzi wa plastiki wa kijivu na nilitaka kuijaribu. Watu wakinisikia nikisema hivyo hudhani naficha uchungu. Sifichi. Kaka yangu alikuwa ameungua na lori lake ng'ambo ya Kasumbalesa, upande wa Kongo, matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na mimi nilikuwa nimesharudi dukani Tunduma kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kukaa. Asubuhi nilifungua mlango, nikafagia, nikawasha mashine, nikaketi. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Duka langu ni la madaftari na kutoa kopi, lakini kinachoniweka mjini ni printa ya 3D iliyo nyuma ya kaunta. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuujenga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinasimama. Kazi yake kubwa ni gia ndogo za kupandishia vioo vya malori. Foleni ya mpakani ikigoma, madereva huja na gia iliyokatika meno wameishika kiganjani, naipima, naichora, wanaondoka na mpya. Wazambia huingia na salamu yao ya "mulishani", wakaishangaa mashine weee, halafu wakanunua kalamu moja ili isionekane wamekuja kushangaa tu.

Huyo askari nilitumiwa na kaka mwenyewe. Ni kapteni wa ile tamthilia ya kutafsiriwa inayoonyeshwa jioni baada ya taarifa ya habari, yule anayepigwa risasi kila wiki na kila wiki akarudi na bandeji mpya. Mimi sikuwahi kumwamini, lakini kaka alimpenda mno. Akikwama kwenye foleni alimtazama kwenye simu kutwa nzima, hata madereva wenzake wakawa wanampigia saluti wakipita ubavuni mwa lori lake. Katika safari ile ya mwisho aliona mtu mmoja mtandaoni amemchora kapteni kwa ajili ya mashine kama yangu, kila kitu mpaka vifungo vya koti, kwa kipimo cha moja kwa sita, yaani akisimama analingana na rula ya shule. Akanitumia lile faili, na sauti yake ikafuata: "Mdogo wangu, nitengenezee huyu jamaa nimweke mbele ya kioo. Nikirudi nimkute."

Hakurudi. Lori la tanki la mafuta lilipinduka mbele yake, moto ukawala madereva wote wawili. Tajiri wake, mwenye lori, alikuja mwenyewe nyumbani kwetu Nanyala kutupa habari. Alikuwa amebeba kibao cha namba kilichojikunja. Hakukuwa na kingine cha kubeba.

Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, haachwi hivi hivi. Unakatwa mgomba, unavikwa nguo zake, unazikwa kwenye kaburi lake na mchungaji anaomba kama kawaida. Bila hivyo msiba hauna mwisho. Mjane anabaki kwenye mkeka, jamaa wanabaki uani wakila unga wa watu, na hakuna anayejua aanze vipi kuishi tena. Ila mzazi lazima akubali kwanza. Baba alishatangulia, kwa hiyo neno lilikuwa la mama peke yake, na mama alikataa katakata.

"Mimi sikuzaa mgomba," aliwaambia wazee.

Baada ya hapo hakubishana tena na mtu. Nyumba yetu iko kando ya barabara kuu. Kila kukicha alichukua kigoda chake, akakaa ukingoni mwa lami na kutazama malori yanayotoka upande wa Tunduma. Hakutazama mizigo wala namba. Alitazama vioo vya mbele, nani ameshika usukani. Akipelekewa uji alikishika kikombe mpaka uji ukapoa, kisha akaurudisha. Shemeji yangu, mke wa kaka, alikaa ndani kwenye mkeka wake akisubiri mkwewe aseme neno. Baba mkubwa alinivuta pembeni, akanong'ona kwa lafudhi yake nzito ya Kinyiha, "Mama yako anaisha huyu. Tusipoangalia tutachimba makaburi mawili."

Nilisikia. Nilielewa. Nikapanda gari nikarudi Tunduma, kama mtu aliyeambiwa habari za jirani.

Basi siku hiyo rola ya kijivu ilipofika nikatafuta kitu cha kujaribia, na faili la kaka ndilo lililokuwa juu kabisa kwenye simu. Nikalibonyeza. Sasa, kitu chochote kinachoning'inia hewani kwenye mashine hii lazima ukiwekee viguzo vya kukishikilia, la sivyo plastiki inadondoka ikiwa bado laini. Hilo nalijua vizuri, nimewafundisha wengine. Nikaweka viguzo chini ya kidevu, nikaweka chini ya viwiko, na bunduki nikaisahau. Kapteni aliishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, imelala. Mashine ilipomaliza, kapteni alikuwa safi mpaka nyusi, ila bunduki ilikuwa nyuzinyuzi zinazoning'inia kama mlenda.

Siku nyingine ningetukana. Siku ile nilichukua kisu cha kukatia karatasi, nikaikwangua bunduki yote, nikapiga msasa, nikamsimamisha kwenye kaunta kati ya gundi na madaftari. Sikuwa hata na hamu ya kumtupa.

Jirani yangu, muuza spea mmoja kutoka Tanga, aliingia baada ya sala ya adhuhuri kuchenji hela. Ni mtu wa utani, hawezi kupita bila kuacha neno.

"Huyu dereva wako vipi?" akasema. "Kashika usukani, gari hana."

"Ni askari huyo."

"Askari gani, bwana? Hebu itazame mikono."

Nikaitazama. Ngumi mbili zilizokunjwa mbele ya kifua, moja juu kidogo kuliko nyingine, hakuna kitu katikati. Jirani naye akawa ameshakumbuka anaongea na nani, utani ukamkauka mdomoni.

"Nisamehe, jirani," akasema taratibu. "Sisi kwetu aliyefia mbali tunamswalia bila mwili. Nyie mmefikia wapi?"

"Mama hataki."

Akatikisa kichwa, akatoka bila kuchenji hela zake. Mimi nikaendelea kuitazama ile mikono, nikingoja machozi. Hayakuja. Nilichohisi ni kero tu. Sikutaka kumwona tena pale kaunta. Jumapili nikamfunga kwenye gazeti nikaenda naye Nanyala, niwaachie wenyewe.

Mama alikuwa kigodani pake. Nilichuchumaa, nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Lori la shaba likapita, akalifuata kwa macho. Nikamweka kapteni mapajani mwake, nikafungua gazeti.

"Nani huyu?"

"Yule kapteni wa kwenye runinga, mama. Kaka aliniomba nimtengenezee."

"Yule ana bunduki."

"Iliharibika. Nimeikata."

Akamwinua, akamgeuza huku na huku. Akapitisha kidole kwenye nafasi iliyobaki kati ya zile ngumi mbili, akakirudisha, akakipitisha tena. Lori jingine likapita na honi. Hakuinua macho.

"Anaendesha," akasema.

Akamsimamisha juu ya goti lake.

"Baba, nikuulize. Moto ulipomkuta, alikuwa ameshika hivi?"

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumemfanyia. Tajiri alipoleta ile habari, mama alikuwa shambani. Aliporudi hakuna aliyethubutu kuisema ilivyo. Kwetu habari ya kifo haitupwi usoni mwa mzazi, inazungushwa, inalainishwa. Baba mkubwa alimwambia kwamba kijana hajaonekana. Shangazi akasema tunaendelea kufuatilia. Mimi nilisema tumwachie Mungu. Kila mmoja alipunguza kidogo kwa huruma, mpaka kilichomfikia mama ni kwamba mwanawe hajaonekana, na mtu ambaye hajaonekana anaweza kuonekana wakati wowote, tena barabarani, tena kwenye lori. Halafu tukamletea mgomba. Tukashangaa anakataa.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alikuwa ameshika usukani."

"Hakutoka?"

"Hakutoka."

"Hata kitu kidogo hakikubaki?"

"Hakikubaki, mama. Kaka ameungua, amekufa."

Nilidhani angepiga ukunga. Hakupiga. Alivuta pumzi ndefu, akamfunika kapteni kwa ncha ya kitenge chake, akakaa hivyo malori kadhaa yakapita bila kuyatazama hata moja. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ungeniambia siku ile ile." Akaongeza, "Nenda kawaambie baba zako wakate huo mgomba."

Kesho yake asubuhi wazee walirudi na mgomba mrefu, majani yamepogolewa, utomvu unachuruzika. Shemeji alitoa shati la kaka la safari, la bluu. Mama alikuwa ameshaamua askari atalala kifuani, ndani ya lile shati. Mchungaji alipomwona alisita. Ni kijana, mgeni wa mila zetu, na nadhani aliogopa mambo ya sanamu.

"Hiki ni nini, mama?" akauliza.

"Dereva," mama akajibu.

Mchungaji akaniangalia mimi. Akafungua Biblia yake, akasema sawa.

Ikabaki kuukata kwa kipimo. Mgomba haukatwi kwa kukisia. Lazima ulingane na mwenyewe, ili kaburi lisije likawa la mtu mwingine. Baba mkubwa akatandika mkeka uani, akaniita.

"Njoo ulale hapa. Wewe na kaka yako mlikuwa mnavaa suruali moja."

Nikavua viatu, nikalala chali, mikono ubavuni. Juu kulikuwa na mawingu ya kawaida. Mzee mmoja akashika kamba ya katani kwenye kisigino changu, baba mkubwa akaivuta mpaka utosini. Nilikuwa nawaza gia ya dereva mmoja niliyoahidi kuimaliza, na kama nilizima umeme wa dukani. Niliwaza hayo huku nimelala mahali pa kaka yangu, na sikuona ajabu yoyote.

"Imetosha," baba mkubwa akasema. "Fungeni fundo hapo."

"Siyo hapo."

Alikuwa mama. Alitoka kwa wanawake, jambo ambalo mfiwa kwetu hafanyi, akapita katikati ya wazee, akapiga magoti nyuma ya kichwa changu. Nilisikia pumzi yake. Akaweka kiganja juu ya utosi wangu, akakibakiza hapo kidogo, kisha akakisogeza kwenye mkeka mtupu, kupita kichwa changu, akaugonga.

"Mkubwa alikuwa anaishia hapa," akasema. "Alimzidi huyu. Pimeni mpaka hapa."

Niligeuza macho nikauona mkono wake umelala pale ambapo sikufika. Ndipo ule uzito ukanishukia wote kwa mara moja. Nilianza kulia nikiwa chali vile vile, machozi yakiniingia masikioni, kifua kikiruka, na mama hakuutoa mkono wake.

"Tulia, mwanangu," baba mkubwa akasema. "Kamba inahama."