Sikio la Mkaguzi

Kila asubuhi mkaguzi wa kiwanda cha vyombo vya udongo pale Burslem aliinua sahani moja moja kutoka tanurini hadi kwenye sikio lake la kulia, akaigonga kwa ukucha mrefu alioufuga kwa kazi hiyo, kisha akafumba macho kama anayesali, akisikiliza kama inaimba au ina ufa. "Imekufa," alisema, na sahani ikavunjwa, na aliyeichora akatoka kapa. Keziah Bloor, mchoraji, alishavunjiwa ishirini wiki ile. Jumanne, kwa hasira, akalinong'oneza sikio lile lile: "Mbuzi mzee we, hata mkeo kakukimbia." Mkaguzi hakupepesa ukope. Kumbe bwana mkubwa ni kiziwi! Keziah akamtazama vizuri, akaona kuwa yale macho hayafumbwi sawasawa. Yanachungulia uso wa mchoraji. Aliyemeza mate kwa hofu ndiye aliyevunjiwa. Basi akachagua sahani yake yenye ufa, akampelekea huku anatabasamu, akauliza akitamka kila neno polepole: "Hii nayo inaimba, bwana?"

"Kama kengele ya kanisa," alijibu mkaguzi, akaiweka kwenye fungu la nzuri. Alikuwa bado hajaigonga.